Somo la 7: Eliya Apewa Usingizi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Waf. 18:41–46, 1 Waf. 19:1–18, Mwa. 1:3–5, Zab. 104:19–23; Zab. 127:1, 2, Mdo 20:7–12, Ayu. 7:3, 4.

Fungu la kukariri: Zaburi 127:2.

Katika makanisa yetu tunafundisha kanuni nane za afya: lishe bora, mazoezi, maji, mwanga wa jua, kiasi, hewa safi, pumziko na kumtumaini Mungu. Kuhusu lishe tuna semina. Kuhusu pombe na tumbaku tuna mahubiri. Pumziko tunalikumbuka siku ya Sabato, na ni vema. Lakini pumziko la kila usiku hatulisemi sana. Tena mara nyingi tunamsifu anayejinyima: mzee wa kanisa asiyelala kwa sababu ya vikao, mwanafunzi anayekesha na vitabu, mama anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza.

Bidii ni njema, na Biblia inamwonya mvivu (Mit. 6:9–11). Hata hivyo juma hili tunauliza: Je, anayejinyima usingizi anamtolea Mungu kitu, au anakataa kitu ambacho Mungu anampa? Tutamfuata nabii aliyechoka hata akaomba kufa, na tutatazama yale ambayo wataalamu wamegundua kuhusu ubongo unaolala.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 18:41–46 na 19:1–9. Mwili wa Eliya ulikuwa umepitia mambo gani kabla hajaomba kufa? Mungu alimfanyia nini kwanza?

Siku ya Karmeli ilikuwa ndefu. Eliya alisimama mbele ya taifa tangu asubuhi, akaitengeneza madhabahu iliyobomoka, akaomba, moto ukashuka. Kisha akapanda mlimani kuomba mvua, na baada ya hapo akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Ujumbe wa Yezebeli ulipomfikia akakimbia tena, hadi Beer-sheba, kusini mwa nchi. Hapo akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima, peke yake.

Tukiyapima maombi yake tu, tutasema imani imemwishia. Mungu aliupima na mwili wake pia. Malaika alimkuta nabii amelala, akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Hakumkaripia. Eliya akala, akanywa, akalala tena, wala malaika hakumzuia. Aliporudi mara ya pili alimpa sababu ya kula: safari iliyo mbele ilizidi nguvu zake. Swali gumu, la kumwuliza anafanya nini mahali pale, lilingoja mpaka Horebu.

Mtu akija kwako akisema maisha yamemshinda, wewe huanza na swali la Horebu au na mkate wa jangwani?

JUMATATU: Saa Iliyo Ndani ya Kichwa

Soma Mwanzo 1:3–5 na Zaburi 104:19–23. Ni nani wanaotoka usiku? Ni nani anayetoka jua likichomoza?

Mtunga zaburi aliona kwamba simba na mkulima wanatumia shamba moja kwa zamu. Mpangilio huo umewekwa ndani ya mwili wenyewe. Katikati ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya fahamu ya macho hupishana, kuna kikundi kidogo cha seli za neva, zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Huzunguka kwa muda wa karibu saa 24, na kila siku hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, tezi ya pineali hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hii. Waliichunguza ndani ya inzi wadogo wa matunda.

Ujuzi huu una matumizi nyumbani. Mwanga wa asubuhi huisaidia saa ya mwili kwenda sawa. Simu inayong'aa usoni saa 5 usiku huichelewesha. Kulala na kuamka saa zilezile kila siku huipa uthabiti. Tena saa ya kijana husogea mbele anapobalehe, hivyo kijana asiyesikia usingizi saa 3 usiku huenda si mkaidi. Naye anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala; mtu mzima anahitaji angalau 7.

Katika familia yako, ni jambo gani linaloivuruga saa hii zaidi: kazi, masomo, simu au televisheni?

JUMANNE: Kazi Inayofanyika Tukiwa Tumelala

Soma Zaburi 127:1, 2. Kwa nini mwandishi anauweka usingizi pamoja na ujenzi wa nyumba na ulinzi wa mji?

Zamani wengi walidhani kwamba mtu akilala, ubongo huzimika kama taa. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho husogea kwa kasi chini ya kope, na aliyeamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Leo tunajua kwamba usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja wa dakika 90 hivi. Usingizi mzito hujaa zaidi mwanzoni mwa usiku, na ule wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri.

Katika usingizi mzito mwili hutoa homoni ya ukuaji, nayo hujenga na kutengeneza. Wakati huohuo, ubongo huyapitia tena mambo ya mchana na kuyahamishia mahali pa kudumu. Kwa hiyo mwanafunzi anayekesha usiku mzima kabla ya mtihani anajaza ghala, kisha anamfukuza mtunza ghala. Mwaka 2013 kundi la watafiti la Maiken Nedergaard, wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba panya wakilala, nafasi kati ya seli za ubongo wao hupanuka, na majimaji hupita yakiondoa taka zilizokusanyika mchana.

Kazi hii yote hufanyika pasipo sisi kuisimamia. Kulala ni kukubali kwamba kwa saa kadhaa dunia itaendelea bila sisi, na kwamba Mlinzi hasinzii.

Je, kuna jambo linalokufanya uogope kuiacha kazi usiku? Linasema nini kuhusu unayemtumaini?

JUMATANO: Mwenye Kiasi Aliye Kama Mlevi

Soma Matendo 20:7–12. Ni mambo gani yaliyochangia kuanguka kwa Eutiko? Paulo alimtendeaje?

Luka anataja taa nyingi, ghorofa ya tatu, hotuba iliyofika usiku wa manane, na kijana aliyekaa dirishani. Hakuna aliyemlaumu Eutiko kwa ubaridi wa kiroho. Paulo alishuka, akamkumbatia.

Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 za kuwa macho, uwezo wa kufanya jambo kwa usahihi ulishuka sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, ambacho ndicho kikomo cha kuendesha gari katika nchi hiyo. Aliyeamka saa 11 alfajiri hufikisha saa 17 ifikapo saa 4 usiku. Basi ndugu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote anaweza kushika usukani akiwa na mikono ya mlevi.

Wengine hujitegemeza kwa kahawa, chai ya majani au vinywaji vya kuongeza nguvu. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini huongezeka katika ubongo na kuleta usingizi. Kafeini huziba milango ambayo adenosini ingepitia. Deni halijalipwa, mdai amefungiwa nje tu, naye atarudi.

Biblia inazo mikesha. Yesu mwenyewe alikesha akiomba (Luka 6:12), na huko Gethsemane aliwaomba wanafunzi wakeshe. Lakini pia alilala chomboni katikati ya dhoruba (Marko 4:38), na aliwaita mitume waliochoka wakapumzike kidogo (Marko 6:31). Mkesha una mahali pake. Tunapoupanga, tujibu pia swali hili: ni nani ataendesha basi la kwaya asubuhi yake, na yeye atalala saa ngapi?

ALHAMISI: Wale Wasiolala

Soma Ayubu 7:3, 4 na Zaburi 77:2–4. Usiku wa watu hawa ulikuwaje? Je, Maandiko yanawahukumu?

Somo kama hili linaweza kuwaumiza wengine. Yupo muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi wa getini, mama wa mtoto mchanga, anayemwuguza mzazi mgonjwa. Hawa hawakuchagua kukosa usingizi, na kuwahubiria juu ya saa 7 ni kuwaongezea mzigo. Wanachohitaji ni mikono: mtu wa kumshika mtoto saa mbili mchana, mtu wa kupokezana zamu kwa mgonjwa, watoto watakaofundishwa kunyamaza baba alalapo baada ya lindo.

Yupo pia anayelala kitandani macho makavu hadi jogoo awike. Ayubu alikuwa mcha Mungu, naye alihesabu saa za usiku. Kukosa usingizi kwa majuma mengi, au kuamka usiku wa manane na huzuni isiyoondoka, kunaweza kuwa dalili ya sonona. Anayekoroma sana na pumzi kukatika usingizini huenda ana tatizo la njia ya hewa. Mambo haya yana matibabu. Tumwombee ndugu huyo, kisha tumsindikize kwa daktari. Na kama anasema, kama Eliya, kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Taja mtu mmoja unayemfahamu ambaye amechoka. Ni saa ngapi za juma hili unazoweza kumpa?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma 1 Wafalme 19:9–18. Baada ya kulala, kula na kutembea siku arobaini, Eliya bado alikuwa na malalamiko yaleyale. Usingizi haukumaliza matatizo yake yote. Ulimfikisha mahali ambapo aliweza kuisikia sauti ya utulivu, akapewa kazi mpya, akapewa Elisha wa kumsaidia, na akajulishwa kwamba hakuwa peke yake: walibaki 7,000. Mungu hakumtafutia nabii mwingine mwenye nguvu zaidi. Alimpumzisha yuleyule, akamtuma tena.

Maswali ya Kujadili

1. Tunawezaje kumtofautisha mvivu wa Mithali 6 na mchovu wa 1 Wafalme 19? Ni hatari gani tukiwachanganya?

2. Chunguzeni ratiba ya kanisa lenu ya mwezi huu: vikao, mazoezi ya kwaya, mikesha. Ni kipi kingeweza kumalizika mapema zaidi? Nani angefaidika?

3. Tunamwonya anayeendesha gari akiwa amelewa. Kwa nini ni vigumu kumwonya anayeendesha akiwa amekesha? Darasa lenu linaweza kukubaliana nini kabla ya safari ijayo ya makambi?

4. Sabato ni pumziko la kila juma, na usingizi ni pumziko la kila siku. Mapumziko haya mawili yanatufundisha nini kwa pamoja kuhusu mipaka ya mwanadamu na utunzaji wa Mungu?