Nionyeshe Fomu: Somo Dogo Kuhusu Madhabahu, Jukwaa na Mashine

Makomredi, muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya ualimu katika shule moja ya kutwa. Nilipewa Kidato cha Pili, somo la Historia na Serikali. Siku moja nikifundisha uchaguzi, huku nikikimbizana na kengele, niliwaambia wanafunzi kwamba siku hizi kuiba kura ni vigumu kwa sababu hesabu inafanywa na kompyuta, na kompyuta haidanganyi. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono. "Mwalimu, kama kompyuta haidanganyi, mbona Mahakama ilifuta uchaguzi wa 2017?"

Darasa likanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Kengele iliniokoa, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Naliandika hapa kwa sababu uchaguzi wa chama chetu umekaribia, na tayari nasikia maneno yale yale kwenye mabweni: huyu ameteuliwa na Mungu, yule ni mtu mkweli tangu zamani, na mfumo wa kupigia kura ni salama, msiwe na wasiwasi.

Tunaombwa kuamini vitu vitatu: madhabahu, mwanasiasa na mashine. Hoja yangu ni moja tu kwa vyote vitatu. Anayetaka nimwamini katika mambo ya utawala lazima aniachie njia ya kumhakiki. Asiponiachia, hiyo si imani anayoniomba. Ananiomba nifumbe macho.

Mlolongo wa 1988

Wengi wetu hudhani shida ilianza na mashine. Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1988 KANU kilikuwa chama pekee halali nchini Kenya. Uteuzi wa wagombea ulifanywa kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, kisha wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri.

Ukiisikia hivyo, unaweza kudhani hakuna uchaguzi wa wazi kuliko huo. Kila mtu anaona foleni. Lakini katika sehemu kadhaa, wenye foleni fupi ndio waliotangazwa washindi. Sasa wewe uliyeona kwa macho yako, ukienda kulalamika utaonyesha nini? Watu wakishatawanyika kwenda nyumbani, ushahidi umeondoka kwa miguu yake. Hakuna karatasi ya kuhesabu mara ya pili. Kwa hiyo kuona peke yake hakutoshi. Lazima kibaki kitu ambacho mtu mwingine, hata asiyekupenda, anaweza kukikagua kesho.

Na hapa dini iliingia kwa njia ya heshima. Maaskofu wa Kianglikana kama Henry Okullu na Alexander Muge waliupinga mlolongo hadharani, wakati ambapo kuikosoa serikali kulikuwa hatari. Muge alifariki kwenye ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumtisha hadharani asikanyage Busia. Hao hawakusimama kando ya mgombea na kumpaka mafuta. Walisimama nje ya serikali na kuiuliza maswali. Naomba ukumbuke tofauti hiyo, nitairudia.

Mashine ya 2017

Tuje sasa kwenye swali la yule msichana. Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walipiga kura katika vituo 40,883. Kila kituo kilikuwa na kifaa cha KIEMS. Kazi yake ilikuwa kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole, kisha kutuma matokeo pamoja na picha ya Fomu 34A. Fomu hiyo ni karatasi ya kituo chenyewe. Hujazwa pale pale baada ya kuhesabu, na mawakala wa wagombea hutia sahihi.

Usiku ule nambari zilimiminika kwenye runinga kwa kasi ya ajabu. Shida ni kwamba nambari zilikuja, fomu nyingi hazikuja. Rais alitangazwa tarehe 11 Agosti kabla fomu zote hazijapatikana. Tume ya IEBC ilieleza kwamba vituo zaidi ya 11,000 vilikuwa nje ya mtandao wa kutosha wa simu. Sawa, huenda. Lakini hilo lilijulikana kabla ya siku ya kura.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliagiza tume ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutii agizo hilo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi wa urais. Hoja yao kubwa haikuwa kwamba mashine ina roho mbaya. Walisema uchaguzi ni mchakato mzima wala si jumla ya mwisho tu, na kwamba anayekataa kufungua seva hawezi kulalamika mahakama ikiamini kuna kitu kimefichwa humo.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, kompyuta kweli haina tamaa ya cheo. Lakini kuna mtu aliyeiandikia programu, kuna mwenye nywila, na kuna anayeamua nani afunguliwe mlango. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia kwenye tume, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi huo. Kama mashine ingekuwa inajiendesha yenyewe, maisha ya mtu mmoja wa teknolojia yasingekuwa na uzito wa kutikisa nchi namna ile.

Kilichobadilika 2022

Miaka mitano baadaye vituo vilikuwa 46,229, na safari hii tume ilifanya jambo dogo lenye maana kubwa: iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti ya wazi. Mtu yeyote mwenye bando angeweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vilijumlisha. Vijana walijumlisha vyumbani mwao. Nami nilifungua fomu ya kituo cha kijijini kwetu nikakuta sahihi ya mawakala na ile hesabu niliyosimuliwa na mjomba usiku uliotangulia.

Sisemi mambo yalikuwa safi kama maji ya mtungi. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na ukumbi wa Bomas ukageuka uwanja wa fujo. Lakini madai ya udukuzi yalipofika Mahakama ya Juu, kulikuwa na kitu cha kupimia. Karatasi za asili zililinganishwa na picha za kwenye tovuti, na tarehe 5 Septemba majaji wote kwa kauli moja wakayaidhinisha matokeo. Mashine haikuaminika kwa sababu ilikuwa ya kisasa zaidi. Iliweza kupimwa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na karatasi.

Na madhabahu je?

Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kumkiri Mwenyezi Mungu, kisha kwenye Kifungu cha 8 inasema wazi kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Sioni mgongano hapo. Raia ana dini yake, lakini serikali haina kanisa wala msikiti.

Hata hivyo kila msimu wa kampeni unajua kinachotokea. Jumapili gari refu linaingia, mgombea anapewa kipaza sauti, bahasha inatoka, halafu anawekewa mikono. Kuanzia hapo ukimkosoa, unaonekana unapingana na Mungu. Viongozi wa dini wenyewe wameliona hili. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia kwenye mimbari. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa michango ya Rais na ya Gavana. Hao wamerudi pale aliposimama Muge, nje, mahali unapoweza kuuliza.

Usinielewe vibaya. Mimi naimba kwaya, tena sauti ya tatu. Mungu simdai fomu. Lakini mgombea si Mungu, na ufunuo alioupata mtu mwingine kumhusu siwezi kuuomba ukaguzi. Kama kweli ametumwa, hesabu zake zikifunguliwa zitamtetea.

Hapa kwetu

Sasa nije nyumbani, na hapa lazima nijisute kwanza. Mwaka jana tulipiga kura ya wajumbe kwa simu. Jioni matokeo ya kitivo yakatokea kwenye skrini. Baada ya muda ukurasa ukajifungua upya, na nambari zikawa nyingine. Wachache waliuliza kwa nini. Aliyekuwa akisimamia akajibu, "Mfumo ndio umesema hivyo," na mjadala ukaishia hapo.

Mimi sikuuliza. Unajua kwa nini? Mtu wetu alikuwa ameshinda. Tulikuwa tumemwombea Jumapili ile, nami nilikuwa nimeweka mkono wangu begani mwake. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Huenda alishinda kihalali kabisa. Hata leo hakuna anayeweza kuthibitisha, hata yeye mwenyewe, na hilo linamuumiza yeye kuliko wapinzani wake. Kila akisimama kuongea, kuna anayenong'ona.

Nimejifunza kwamba mashaka ninayoyatoa tu upande wangu ukishindwa ni hasira iliyovaa suti. Mashaka ya kweli yanamuuliza hata rafiki yako.

Kwa hiyo kabla ya kura hii, naomba tuulize maswali haya sote, wa kwaya na wasiosali, wa mrengo huu na ule:

1. Kura ikishapigwa, kinabaki nini cha kuhesabu mara ya pili?
2. Nani ana nywila za mfumo, na mawakala wa pande zote wanaweza kuona kumbukumbu zake?
3. Matokeo ya kila kitivo yatabandikwa wapi, yakiwa na sahihi za nani, kabla ya jumla kutangazwa?
4. Mgombea anayesema ameitwa na Mungu yuko tayari kutuonyesha fedha za kampeni zimetoka wapi?
5. Mshindi akiwa mtu wangu, nitayauliza maswali haya haya?

Swali la tano ndilo gumu. Mimi nililifeli mwaka jana.

Wiki ya mwisho ya mazoezi nilirudi kwenye lile darasa nikaandika ubaoni: "Fomu 34A." Tukafanya uchaguzi wa kiranja kwa karatasi, tukahesabu kwa sauti, tukajaza fomu yetu, na mawakala wawili wakatia sahihi. Yule msichana aligombea. Alishindwa kwa kura tatu. Akaiomba fomu, akazihesabu karatasi moja moja huku wenzake wakimcheka, kisha akamwendea mshindi na kumpa mkono.