Chakula Tunachopika Hosteli na Haki ya Mnunuzi

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu katika imani, katika hosteli zetu hapa Uganda hakosekani dada anayeuza sambusa, kaka anayekaanga chapati, au mwenzetu anayechukua oda za pilau ya Ijumaa. Ni kazi ya halali, na wapo wanaolipia ada kwa pesa hiyo. Lakini mnunuzi haoni jikoni. Hajui nyama ilinunuliwa lini wala mafuta yaliingiwa na nini. Kwa hiyo, katika niliyosoma kwenye fiqhi ya biashara, naona jambo kubwa kwetu ni hili: usimfiche mnunuzi lile ambalo angelijua asingenunua.

1. Aibu ya chakula
Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si miongoni mwake.

Tuzingatie: kosa lilikuwa kuficha. Sambusa za jana ambazo hazijaharibika unaweza kuziuza, ila useme ni za jana. Ukizipasha moto na kuzichanganya na za leo, umeghushi. Na sambusa uliyoiita ya nyama, ndani vitunguu vitupu, hukumu yake ni hiyo hiyo. Nyama ikipanda bei, pandisha bei waziwazi.

2. Najisi
Panya akifia kwenye samli iliyoganda, hutolewa pamoja na samli iliyomzunguka, na iliyobaki ni halali. Hivyo ndivyo ilivyo katika hadithi ya Maymuna (R.A.) kwa Bukhari. Ama mafuta ya maji, katika madhehebu ya Imam Shafi yananajisika yote na hayauziki. Dumu zima la mafuta ni hasara kubwa kwa mwanafunzi, lakini hapo ndipo uchamungu unapopimwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona.

3. Oda na malipo ya kabla
Mwenzako anakulipa Jumatatu kwa pilau ya Ijumaa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba anayelipa kabla alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hii ndiyo biashara ya salam. Lakini Mashafi hawaijuzishi salam katika chakula kilichopikwa, kwa kuwa athari ya moto haidhibitiki. Wamaliki wanaijuzisha kikielezwa sifa zake.

Njia iliyo salama zaidi ni kuichukua oda kama ahadi, na mauziano yafanyike wakati wa kukabidhi. Ukihitaji mtaji, mwenzako anaweza kukuwakilisha umnunulie nyama na mchele kwa pesa zake, kisha akulipe ujira wa kupika mliokubaliana.

4. Mahali na wakati
Kama mkataba wa hosteli unakataza jiko la umeme chumbani, kulitumia kwa siri ni kuvunja sharti ulilolikubali. Tafuta mahali panaporuhusiwa.

Vilevile, Suratul Jumu'a aya ya 9 inaamuru kuacha biashara inapoadhiniwa Swala ya Ijumaa. Dada ambaye Swala hiyo si wajibu kwake, akimuuzia wakati huo kaka ambaye ni wajibu kwake, amemsaidia katika maasi. Funga ndoo yako, Swala ikiisha ufungue.

Hakim bin Hizam (R.A.) amepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika mauziano yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Sisi tunaouziana tunasimama safu moja msikitini. Tuogope kula haki ya aliye begani kwetu.

Allah atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Wallahu a'lam.