Kisu cha Tanjenti katika Kerezo Ndogo

Tabora ni mji unaofahamu chuma tangu zamani. Katika karne ya 19 majembe ya wahunzi wa Usumbwa na Uzinza yaliletwa katika soko lake na wapagazi, na mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam iliwasili. Siku hizi fundi wa Gongoni aweza kuwa na kerezo ndogo, ile mashine ambayo wengi huiita lezi, akachongea bushi na pini za vipuri. Kinachomla fedha daima ni kisu.

Kisu cha kawaida hulazwa, ncha yake ikielekea kitu kinachokerezwa. Hunolewa nyuso tatu: juu, mbele na ubavuni, kila uso kwa pembe yake. Mwanafunzi akikosea mmoja hurudia yote, na feleji huliwa na jiwe bila kazi yoyote kufanyika. Kisu cha tanjenti husimamishwa karibu wima, kikifuata mstari unaogusa duara mahali pa kukatia. Pembe nyingine zimo ndani ya kishikio, hivyo uso unaonolewa ni mmoja tu, wa kichwani.

Faida ya pili ni ya nguvu. Kitu kinachozunguka hukisukuma kisu chini. Kisu kilicholazwa hupokea msukumo huo kama ubao uliotokeza ukutani, na urefu uliotokeza ukiongezwa mara mbili, mpindo huongezeka mara nane. Mche uliosimama huupokea kwa urefu wake, nao haupindi kwa urahisi. Kerezo ndogo hutetemeka upesi, kwa hiyo jambo hili si dogo.

Mche ukisimama wima kabisa, mbavu zake zitasugua kazi. Kwa hiyo kichwa chake huinamishwa nyuzi 12 kuelekea kazi, na tena nyuzi 12 kuelekea upande ambao kisu kinaendea. Je, mwinamo halisi kwenye ulalo wa mche ni kiasi gani?

tan θ = √2 × tan 12° = 1.414 × 0.2126 = 0.3006

Basi θ ni 16.7°. Kichwa hunolewa mshazari kwenye ulalo huohuo, nyuzi 30 kutoka mkato mraba, kona ya ncha ikibaki juu. Kabari ya chuma inayobaki ni nyuzi 60, na uso hutelemka nyuma ya ncha kwa 30 − 16.7, yaani nyuzi 13.3. Jumla ya 16.7, 60 na 13.3 ni 90, kama ipasavyo. Naona hesabu hii yamfaa mwanafunzi kuliko ile ngazi iliyoegemea ukuta, iliyochosha vizazi vingi.

Kwa kutengeneza, chukua mche mraba wa feleji ya kasi wa milimita 8, aina waliyoibuni Taylor na White huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na kipande kinene cha chuma laini. Chonga kabari ya mninga yenye kitako cha milimita 100 na kimo cha milimita 21.3, hicho ndicho kipimo chako cha nyuzi 12. Piga tupa nyuso mbili za kona ya mbele hadi zirudi ndani kwa pembe hiyo kuelekea chini, kisha kata kwenye kona mfereji wa pembemraba ulio sambamba nazo. Kina chake kiwe pungufu kidogo ya milimita 8, ili kifuniko kikikazwa kwa skrubu kibane kisu chenyewe.

Ncha iwe sawa na kitovu cha kazi. Ukiipandisha milimita 1 itasogea mbele milimita 0.21, na kipenyo kitapungua milimita 0.42. Lakini ukisha kunoa, ukairudisha kwenye kimo kilekile, ncha hurudi mahali pake pa awali. Tengeneza kipimo cha kimo kwa bati, nacho kikae kando ya mashine. Vaa miwani wakati wa kunoa.

Kishikio hiki hakifai kutanulia tundu wala kukatia kipande kukitenga. Shaba njano nayo huvuta kisu ndani kwa sababu ya ule mtelemko wa nyuzi 13.3, hapo kata kidogo kidogo, au tumia kisu cha kawaida chenye uso bapa.