SOMO LA TAWI: NANI ANASHIKA SWICHI YA TUNDU LA USB?



Wengine watauliza, chama cha wafanyakazi kina haja gani na mambo ya kompyuta? Jibu ni hili: siku hizi uzito wa miwa yako na saa zako za kazi vinahesabiwa na kompyuta. Mashine ikikosea na wewe huijui, kosa litaandikwa juu ya jina lako. Mimi niliishia shule ya msingi, na somo hili nimelielewa kwa kumwuliza fundi tena na tena. Wewe pia utalielewa.

1. JAMBO LILILOTOKEA

Katika kituo kimoja cha kupimia miwa upande wa Busia, mizani ilikuwa na kompyuta ndogo, bodi moja tu ndani ya sanduku la chuma. Bodi hiyo ilipeleka uzito kwa mashine ndogo ya kuchapa tikiti. Mashine ya tikiti haikuwa na waya wake wa ukutani. Ilipata umeme kupitia tundu la USB la bodi.

Siku moja bodi iliungua. Ikaletwa nyingine ya aina tofauti, ikawekewa programu ile ile ya zamani. Tangu saa hiyo mashine ya tikiti ilikuwa kimya. Nyapara akafungua sanduku, akaona taa ndogo inawaka juu ya bodi, akasema: "Stima ipo. Ninyi wapakiaji mmevuta waya." Kwa siku mbili karani aliandika uzito kwa kukumbuka. Siku ya malipo, tani zilikuwa pungufu, na wapakiaji wawili walikatwa pesa kwa kuharibu mashine.

Je, ni kweli waliharibu? Tusome kwanza, halafu tutoe hukumu.

2. TUNDU LA USB NI NINI?

USB ilianza mwaka 1996. Tundu lake la kawaida lina nyaya nne: mbili za kupeleka habari, moja ya umeme wa volti 5, na moja ya kurudisha umeme. Kwa kanuni ya USB ya pili, kifaa kinaruhusiwa kupewa hadi miliampea 500, yaani wati mbili na nusu. Ni umeme mdogo, lakini unatosha kuendesha kifaa kidogo.

Wengi wetu tunadhani umeme huo upo wakati wote. Sivyo kwa kila bodi. Sisi wa mpakani tunajua habari hii vizuri. Tangu mwaka 1958 umeme wa Jinja umekuwa ukipita Tororo kwenda Kenya, lakini vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo vilikaa gizani miaka mingi. Umeme kupita karibu si sawa na umeme kufika. Lazima pawe na swichi, na lazima pawe na mtu wa kuifungua.

Ndani ya bodi, swichi hiyo ni kidude kidogo kinachokaa kati ya umeme wa bodi na tundu. Anayeifungua si mkono wa mtu, ni programu.

3. DEREVA NDANI YA KOMPYUTA

Kila kompyuta ina programu kuu inayotawala mashine yote. Tuiite kiini. Kiini kinachotumika sana katika bodi ndogo kinaitwa Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Simu za Android pia zinakitumia. Ndani ya kiini mna madereva. Kila dereva ni kipande cha programu kinachojua kuendesha aina moja ya kifaa. Yupo dereva wa USB.

Sasa fikirini mwendesha mashine hodari aliyetoka kiwanda cha Tororo kwenda kiwanda cha Busia. Mashine ni ya aina ile ile, na ujuzi wake amekuja nao. Lakini swichi kubwa iko wapi? Tororo ilikuwa nyuma ya mlango, na iliwashwa kwa kushushwa. Busia iko chini ya ngazi, na inawashwa kwa kupandishwa. Akienda kwa mazoea ataikosa, au atawasha mashine nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwenye mizani. Ndani ya dereva wa zamani mlikuwa mmeandikwa: "Ili kufungua umeme wa USB, washa pini ya 17." Kwa bodi iliyoungua hiyo ilikuwa kweli. Kwa bodi mpya, pini ya 17 iliwasha taa ndogo tu. Ile taa ambayo nyapara aliitumia kama ushahidi wa kuwahukumu watu ndiyo iliyokuwa dalili ya kosa lenyewe! Dereva aliwasha taa akidhani amefungua umeme.

4. DAWA YAKE

Zamani waandishi wa kiini walijaribu kuandika habari za kila bodi ndani ya programu yenyewe: ikiwa ni bodi hii fanya hivi, ikiwa ni ile fanya vile. Bodi zilipoongezeka, maandishi hayo yakawa kichaka. Mwaka 2011 Torvalds mwenyewe alilalamika hadharani juu ya fujo hiyo katika bodi za aina ya ARM. Baada ya hapo kazi kubwa ilifanyika ya kuhamisha habari hizo nje ya madereva.

Utaratibu wa sasa ni huu. Kila bodi inakuja na karatasi yake ya maelezo, ambayo mafundi wanaiita mti wa vifaa. Dereva anabaki na ujuzi wa kazi. Mahali pa swichi panaandikwa kwenye maelezo ya bodi. Dereva akiamka anauliza: "Umeme wa tundu hili unatoka wapi?" Anaonyeshwa, naye anaomba ufunguliwe.

Maelezo mazuri yanajibu maswali haya:

(a) Swichi iko kwenye pini ipi?

(b) Inawashwa kwa kupandisha au kwa kushusha? Ukigeuza jibu hili, tundu litakuwa na umeme wakati linapotakiwa kuzimwa, na litazimika wakati wa kazi.

(c) Baada ya kuwasha, dereva angoje muda gani kabla umeme haujatulia? Akikimbilia kusema na kifaa ambacho hakijaamka, atadhani hakipo.

(d) Nani mwingine anatumia swichi hiyo? Pengine matundu mawili yana swichi moja.

Hapo kiini kinafanya jambo ambalo mafundi wetu wa viwandani wanalijua. Watu watatu wakiingia kutengeneza mashine, kila mmoja anatia kufuli lake kwenye swichi kubwa, na mashine haiwashwi mpaka wa mwisho aondoe lake. Kiini nacho kinahesabu watumiaji wa umeme. Hakizimi mpaka wa mwisho aseme amemaliza.

Pia bodi nyingi zina alama ya kuonya umeme ukizidi, kwa mfano waya zikigusana. Dereva asipoitazama alama hiyo, hitilafu itaendelea bila mtu kuambiwa.

5. MWISHO WA KISA, NA FUNZO LETU

Tawi lilidai fundi aitwe kabla ya mtu yeyote kukatwa tena. Fundi akachukua kipimo cha volti, akapima tundu: hakuna kitu. Akapima waya wa mashine ya tikiti: mzima kabisa. Akasahihisha maelezo ya bodi, akamfanya dereva aulize badala ya kukisia. Tikiti ikatoka. Pesa za wale wawili zikarudishwa. Tani za siku mbili hazikurudi zote, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa na hesabu yetu. Hilo lilikuwa kosa letu.

Basi, ndugu, kila tawi lishike mambo matatu:

Kwanza, mashine ya kupimia ikibadilishwa, mwakilishi wa wafanyakazi awepo ikijaribiwa, na mzigo wa kwanza upimwe mbele yake.

Pili, kila kundi liwe na daftari lake la mkono. Kipande chako ni chako. Usikiache katika kumbukumbu ya karani wala ya kompyuta peke yake.

Tatu, mtu asikatwe mshahara kwa ajili ya mashine iliyokufa mpaka fundi apime na kuandika alichokuta. Taa inayowaka si ushahidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Kwa nini dereva mmoja alifaa bodi ya kwanza, akashindwa ya pili?

2. Ni habari gani ziandikwe kwenye maelezo ya bodi, na si ndani ya dereva?

3. Mahali pako pa kazi, ni nani anayejua swichi ziko wapi? Je, imeandikwa, au iko kichwani mwa mtu mmoja?

Umoja ni nguvu.