Ukali wa Mbwa Hutokana na Nini? Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mbwa wa Ulinzi

Mkazi wa Buzuruga, jijini Mwanza, anayetafuta mbwa wa kulinda nyumba huuliza kwanza: je, ni mkali? Muuzaji naye hujibu kwa kutaja mbegu. Katika somo hili tunaeleza kwa nini jibu hilo halimtoshi mlaji, na mambo yanayopasa kuchunguzwe kabla ya kutoa fedha.

Mbegu si kila kitu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Kwa hiyo, anayelipa bei kubwa kwa sababu ya jina la mbegu pekee hajanunua uhakika wa tabia.

Malezi na hofu

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu kuzaliwa, mbwa hujifunza nani na nini si cha kuogopwa. Aliyefungiwa bandani peke yake katika kipindi hicho huweza kukua akimhofia kila asiyemzoea, na mbwa mwenye hofu huuma ili kujikinga. Kumpiga, kumlisha pilipili au kumfunga mnyororo mchana kutwa hakumfanyi kuwa mlinzi. Humwongezea maumivu na hofu. Mbwa wa namna hiyo hatofautishi mwizi na mtoto wa nyumbani anayepita mbio uani. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Maradhi

Mbwa mpole anayebadilika ghafla huenda ana jeraha au maumivu ya ndani, au ameambukizwa kichaa cha mbwa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Akionyesha dalili za kichaa, asishikwe, bali daktari aitwe. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo apate ushauri wa chanjo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona.

Kabla ya kununua

1. Omba kumwona mama wa mbwa na mahali alipolelewa.
2. Usimchukue mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8.
3. Mtazame anapokaribiwa na mgeni: je, anasogea kwa udadisi, au anajificha na kunguruma?
4. Dai kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari.
5. Dai risiti inayotaja umri, mbegu na chanjo kama ulivyoelezwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Risiti na kadi ndizo zitakazokuwa ushahidi wako iwapo maelezo ya muuzaji yatabainika kuwa ya uongo.

Mlinzi mwema ni mbwa anayewafahamu watu wa nyumbani, asiyewaogopa, na anayebweka apitapo mgeni.