SOMO LA ROBO HII: KUMPATA MHANDISI WA MAKONTENA YA KOMPYUTA KWA MKATABA



Katika rasimu za bajeti za mifumo ya kutunza hesabu za dawa na vifaa vya zahanati kuna kifungu kimoja ambacho karibu kila kamati hukiwekea alama ya kuuliza: "mhandisi wa makontena, kwa mkataba". Mjumbe mmoja alidhani tunanunua kontena la chuma la kuhifadhia dawa. Mfadhili mmoja naye aliuliza kwa nini fedha zimwendee mtu ambaye huenda asikanyage Iringa hata siku moja, wakati zingeweza kununua dawa zenyewe. Maswali haya ni ya haki, na tumeona tuyajibu kwa kirefu.

Tuanzie hapa Ipogolo, kwa kuwa mfano wenyewe uko barabarani. Malori yanapita mchana na usiku yakitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kutoka huko kwenda Zambia na Kongo. Dereva anayesimama kunywa chai kabla ya kuendelea na safari ya Makambako hana haja ya kujua kontena lake limebeba nini. Limefungwa, limepigwa lakiri, na litafunguliwa mwisho wa safari. Zamani haikuwa hivyo. Shehena ilipakiwa gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku, na kila ilipobadilisha chombo ilipakuliwa na kupangwa upya, ikiibiwa na kuharibika njiani. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal-X ya Mmarekani Malcom McLean iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na biashara ya dunia ikaanza kubadilika. Siri yake haikuwa chuma. Ilikuja baadaye, watu walipokubaliana vipimo, hata winchi yoyote ikaweza kulishika na lori lolote likaweza kulibeba.

Waandishi wa programu walikuwa na adha ya aina hiyo hiyo. Programu inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya aliyeiandika, lakini ikipelekwa kwenye mashine nyingine inagoma, kwa sababu huko kuna toleo jingine la Java, au kuna faili moja linalokosekana. Ndipo likaja wazo la kuifungasha programu pamoja na kila inachohitaji katika kifurushi kimoja, kiende hivyo hivyo kwenye mashine yoyote. Chombo cha kufungashia kilichoenea zaidi, Docker, kilitolewa kwa umma mwaka 2013. Mwaka uliofuata kampuni ya Google ilitoa Kubernetes, kinachosimamia makontena mengi kwenye mashine nyingi. Jina hilo ni la Kiyunani na maana yake ni mshika usukani.

Hapa kuna jambo ambalo kila mjumbe anapaswa kulishika, hata kama mengine yatampita. Kontena la kompyuta limetengenezwa ili liweze kutupwa. Likiharibika, au likitoka toleo jipya, la zamani linafutwa na jingine linawekwa mahali pake kwa muda mfupi sana. Maana yake ni kwamba kumbukumbu za kweli, yaani idadi ya vidonge vilivyopo, tarehe za kwisha muda na maombi yaliyotumwa, hazipaswi kukaa ndani ya kontena. Zikikaa humo zitafutwa pamoja nalo. Mhandisi mzuri huziweka nje, kwenye hifadhi inayojitegemea, na hutengeneza nakala rudufu inayotunzwa mahali pengine kabisa. Asiyejua hili anaweza kuufanya mfumo upendeze siku ya uzinduzi, kisha siku ya sasisho la kwanza leja nzima ya zahanati ikapotea. Mganga atabaki hajui ana dawa za malaria za wiki ngapi. Hii ndiyo hatari inayotufanya tukitetee kifungu hicho cha bajeti.

Je, kazi hii inaweza kufanywa na watu wa mbali? Imekwisha kufanywa, tena katika jambo linalotuhusu. Kwa miaka mingi vituo vyetu vya afya vilijaza fomu za karatasi za taarifa na maombi ya dawa, zikapanda wilayani na kuendelea hadi Bohari ya Dawa (MSD). Baadaye nchi yetu ikaanza kutumia mfumo wa kielektroniki, eLMIS, uliojengwa juu ya programu huria iitwayo OpenLMIS, ambayo imetumika pia Zambia, Malawi na Msumbiji. Toleo la tatu la OpenLMIS, lililotoka mwaka 2017, liliandikwa upya kwa kugawanywa katika huduma ndogo ndogo, kila moja kwenye kontena lake. Ya maombi iko peke yake, ya hesabu ya akiba iko peke yake, hivyo moja inaweza kurekebishwa bila kugusa nyingine. Miongoni mwa walioiandika walikuwa wahandisi wa kampuni ya SolDevelo ya Gdynia, Poland, wakishirikiana na shirika la VillageReach la Seattle, Marekani. Ugavi wa dawa wa Afrika uliandikiwa programu kando ya Bahari ya Baltiki! Hatuoni ubaya, kwa sababu moja: programu ni huria, na nchi yoyote inaweza kuichukua na kumpa mtu mwingine aiendeleze.

Hapo ndipo tunapopima kila mkataba. Mtu kuwa mbali si tatizo. Tatizo ni mtu kuondoka na funguo. Kwa hiyo tunashauri hadidu za rejea ziseme waziwazi kwamba maandishi ya programu, vifurushi vyote vya makontena, maelekezo ya kuvijenga upya na nywila zote vitakuwa chini ya jina la taasisi tangu siku ya kwanza, si siku ya makabidhiano. Akaunti ya seva isajiliwe kwa anuani ya ofisi, isiwe ya mtu binafsi. Na malipo yafuate awamu, ya mwisho ikisubiri jaribio la kuhamisha.

Jaribio hilo ni rahisi, na mtunza hazina asiyejua kompyuta anaweza kulisimamia. Mhandisi anapewa mashine tupu. Mtu mwingine, si yeye, anafuata maelekezo aliyoyaandika, anausimamisha mfumo upya na kurudisha kumbukumbu kutoka kwenye nakala rudufu. Kisha kamati inalinganisha hesabu za dawa kumi na leja. Zikilingana, alipwe. Zisipolingana, kazi haijaisha, hata kama ana vyeti vya kujaza ukuta. Umeme nao uzimwe makusudi katikati ya kazi, kwa kuwa utakatika tu, na tuone kama makontena yanaamka yenyewe unaporudi.

Kwenye usaili tusiishie kuuliza anajua vyombo gani. Tumwulize ni lini angemshauri mteja asitumie makontena. Zahanati moja yenye kompyuta moja haina haja ya Kubernetes. Ni sawa na kukodi semitrela ipeleke debe la nyanya kutoka Ipogolo hadi Kihesa. Anayeshindwa kujibu swali hilo anauza anachokijua, si tunachokihitaji. Na kwa kituo kidogo kabisa, leja ya karatasi inayojazwa kila siku bado ni bora kuliko mfumo usiojazwa.

Kuhusu sheria tutasema kwa kifupi. Anayelipwa kwa huduma kama hii hukatwa kodi ya zuio: 5% akiwa mkazi wa Tanzania na 15% asipokuwa mkazi. Kamati ikubaliane naye mapema kama bei aliyotaja ni kabla au baada ya kodi, maana hapo ugomvi huanza. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Hesabu ya vidonge si taarifa ya mtu, lakini jina la mgonjwa aliyepewa vidonge hivyo ni taarifa yake, tena nyeti. Mhandisi wa mbali afanyie kazi kumbukumbu za majaribio zisizo na majina.

Neno letu la mwisho ni kwa wafadhili. Fedha za kujenga hupatikana, za kutunza ni ngumu. Mnamo Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro kubwa katika Log4j, kipande kidogo cha programu kilichokuwa ndani ya mifumo isiyohesabika duniani, pamoja na makontena mengi ambayo wenyewe hawakujua kuwa kimo. Waliokuwa na mtu wa kuwatunzia mfumo walibadilisha vifurushi vyao mapema. Mradi wa miaka mitatu usio na fedha za mwaka wa nne hauna mtu huyo. Tunaomba maandiko ya miradi yajayo yatenge siku chache za mhandisi kila robo mwaka baada ya makabidhiano, na kijana mmoja wa hapa, mathalani mhitimu wa masomo ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Iringa, afanye kazi bega kwa bega naye tangu mwanzo na alipwe kwa hilo.

Maswali ya kujadili katika kamati: Nywila za mfumo wetu wa sasa zinashikwa na nani, na akihama leo tutafanyaje? Ni lini mara ya mwisho nakala rudufu ilijaribiwa kwa kurudishwa, siyo kutengenezwa tu? Kituo chetu kinahitaji mfumo kweli, au kinahitaji mtu wa kujaza leja iliyopo?