Ziwa Linapopumzika: Somo la Kipupwe kwa Wakazi wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, shughuli za uvuvi zilisitishwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania. Mialo iliyozoea kelele za alfajiri ilikaa kimya, taa zilizokuwa zikimeta ziwani usiku hazikuonekana, na wengi wetu tulijiuliza swali moja: kwa nini ziwa lifungwe wakati wa kipupwe, majira ambayo jua ni kali, mvua hazipo na dagaa hukauka vizuri? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa miezi mitatu bila mtumbwi kutoka ni mizito kwa nyumba inayokula kwa jasho la ziwa. Somo la toleo hili linaeleza kinachotokea majini katika majira hayo, ziwa linapata faida gani kwa kupumzishwa, na kila kaya ifanye nini ili mapumziko hayo yasigeuke njaa.

Jiko la ziwa liko wapi?

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina. Mtu akitazama maji hayo yasiyo na mwisho anaweza kudhani kwamba samaki nao hawana mwisho. Dhana hiyo ndiyo kosa la kwanza. Hewa ya oksijeni, ambayo samaki huivuta ndani ya maji, hupatikana katika tabaka la juu tu: takriban mita 100 upande wa kaskazini, na karibu mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo ni kilindi ambacho samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo shamba letu ni jembamba, ingawa limekaa juu ya shimo refu.

Tatizo ni kwamba mbolea ya shamba hilo imelala chini. Kila kiumbe kinachokufa ziwani huzama, huoza, na kuacha rutuba yake vilindini. Mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao ndio majani ya ziwa, huhitaji mwanga ulio juu na rutuba iliyo chini. Mwani huliwa na wadudu wadogo wa majini, wadudu huliwa na dagaa na lumbu, na hao huliwa na migebuka na sangala. Rutuba isipopanda, mlolongo wote huo hudhoofika, na mwisho wake ni sufuria tupu jikoni mwetu.

Kazi ya upepo wa kipupwe

Kinachopandisha rutuba hiyo ni upepo. Tangu Mei hadi Septemba, upepo wa kusi-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Upande wa kusini, pande za Kasanga na Mpulungu, maji baridi yenye rutuba hupanda kuziba nafasi iliyoachwa. Upepo unapotulia mwishoni mwa kiangazi, maji yaliyosukumwa hurudi, na tabaka za ndani huyumba huku na huko kama maji ya karai lililoinamishwa kisha likaachwa. Myumbo mmoja huchukua karibu mwezi mzima, na kwa njia hiyo sehemu nyingine za ziwa nazo hupata mgawo wao.

Ni muhimu kujua kwamba kazi hiyo hutegemea tofauti ndogo sana ya joto. Maji ya juu huwa na nyuzi joto 25 hadi 27 hivi, na yale ya vilindini karibu 23. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi, na upepo hushindwa kuyachanganya na yale ya chini. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko huo, na mwani umepungua. Hili si jambo ambalo kata yetu inaweza kulizuia. Lakini mama anayeona unga umepungua ghalani hawezi kuendelea kupima kwa kibaba kilekile.

Hesabu ya ndoo moja

Sasa tutazame faida ya kusubiri kwa hesabu ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata. Samaki anapokua hawi mrefu tu. Hunenepa na kupanuka pia. Kwa hiyo uzito wake hukua haraka kuliko urefu wake. Dagaa mwenye sentimita 4 akifika sentimita 7, urefu wake umeongezeka mara 1.75. Lakini uzito hukadiriwa kwa kuzidisha 1.75 mara tatu: 1.75 × 1.75 × 1.75, yaani zaidi ya mara 5.

Chukua ndoo moja ya dagaa wachanga wa sentimita 4. Wangeachwa wakue hadi sentimita 7, na wote wakapona, wangejaza ndoo 5 na zaidi. Bila shaka wote hawaponi. Tuseme nusu yao wameliwa na migebuka au wamekufa kwa sababu nyingine. Bado zingebaki zaidi ya ndoo 2 na nusu. Nusu iliyoliwa nayo haikupotea, kwa maana imenenepesha migebuka ambayo wavuvi haohao wataivua. Dagaa ni samaki wa maisha mafupi, yapata mwaka mmoja, na hukua upesi. Ndiyo maana miezi michache ya subira ina maana kubwa kwake. Mwenye kuvua kwa chandarua leo anauza ndoo moja na kuzitupa nyingine ambazo hajaziona.

Kwa samaki wakubwa sababu ni nyingine. Kuhe, kwa mfano, hulinda vifaranga vyake, dume na jike kwa pamoja. Ukimvua mzazi mmoja, umefungua mlango kwa kila adui wa vifaranga hivyo. Na kokoro linapokokotwa ufukweni hufagia mahali ambapo lumbu hutaga na ambapo samaki wachanga hujificha.

Mambo ambayo kufunga ziwa peke yake hakuwezi

Haifai kuwaambia wananchi nusu ya kweli. Dagaa huzaliana mwaka mzima, ingawa kuna miezi inayozidi mingine. Kwa hiyo miezi mitatu haiwezi kulinda uzazi wote. Faida ya mapumziko inaweza kumalizwa kwa wiki chache ikiwa siku ya kufunguliwa kila mtu ataingia ziwani na nyavu za macho madogo. Samaki waliookolewa mwezi wa Julai watakuwa wameokolewa bure ikiwa watavuliwa kwa kokoro mwezi wa Septemba. Kufunga ziwa ni kuweka akiba. Zana halali ndizo zinazoilinda akiba hiyo.

Ziwa hili pia si letu peke yetu. Takriban asilimia 45 iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, asilimia 41 Tanzania, 8 Burundi na 6 Zambia. Samaki hawana pasi ya kusafiria. Dagaa waliokua upande mmoja huvuliwa upande mwingine. Kwa sababu hiyo nchi hizi nne zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na Desemba 2021 zikakubaliana hatua za pamoja za uvuvi endelevu. Mvuvi wa Kirando anayelalamika kwamba yeye anatii huku mwingine akivua ana hoja ya kweli. Jibu lake ni ulinzi wa pamoja, kwani yeye naye akiacha kutii, hasara itakuwa ya wote.

Miezi mitatu nyumbani

Uzito wa mapumziko hauwaangukii watu wote kwa usawa. Mwenye mtumbwi anaweza kuwa na shamba au duka. Kibarua wa mtumbwini na mama anayenunua dagaa wabichi kwa ndoo ili awakaushe hawana cha kuegemea. Kwa hiyo maandalizi yaanze mapema, mvua zingali zinanyesha.

Kwanza, akiba ya dagaa. Shehena itakayoliwa na kuuzwa wakati wa mapumziko hukaushwa mwezi wa Aprili na mwanzoni mwa Mei, yaani mwishoni mwa masika, wakati ambapo mvua ya ghafla huharibu kazi ya siku nzima. Anika juu ya kichanja, si mchangani. Upepo hupita juu na chini, dagaa hukauka mapema na hawana mchanga. Turubai liwe karibu. Dagaa wasiokauka sawasawa huvunda ghalani kabla ya Juni.

Pili, akiba ya fedha. Usiku wa mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wengi hupumzika, na hakuna anayeshangaa. Kaya imezoea kuishi siku hizo kwa kilichopatikana gizani. Mapumziko ya kipupwe ni mbalamwezi ndefu zaidi, na yanadai mazoea yaleyale: sehemu ya kila mauzo iwekwe katika kikundi kabla ya kupita mikononi.

Tatu, mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wakaushaji dagaa kinaweza kuomba kwa ajili ya vichanja, bustani za umwagiliaji au ufugaji wa kuku. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayeelekeza usajili na maombi. Mwendeeni mapema, kwa sababu mkopo unaoombwa Juni hauwezi kulisha nyumba Juni.

Nne, ulinzi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, ni vyetu sisi wakazi. Kuvua wakati wa marufuku ni kosa kisheria, na mwenye taarifa aifikishe kwa BMU, kwa afisa uvuvi au kwa mtendaji wa kata. Kutoa taarifa si kumchongea jirani. Anayevua usiku wakati wenzake wameanika nyavu anachukua akiba ambayo watoto wao wamelala na njaa ili kuiweka. Kila mvuvi asome pia tangazo rasmi la msimu husika, ajue tarehe na masharti yake kabla ya kutia chombo majini.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji au kitongoji

1. Kwa nini rutuba ya ziwa hukaa chini, na ni nini huipandisha?
2. Rudieni hesabu ya ndoo moja mkichukulia kwamba robo tu ya dagaa wachanga ndio waliopona. Je, bado kuna faida?
3. Katika kitongoji chetu, ni kaya zipi zitakazoumia kwanza ziwa likifungwa, nasi tumeziandalia nini?
4. Siku ziwa litakapofunguliwa, ni zana gani hatutaruhusu zishushwe katika mwalo wetu?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, lisomwe mbele ya wote, na lihifadhiwe na mwenyekiti hadi siku hiyo itakapofika.